Moto, Zebaki na Mvuke: Upande Uliosahauliwa wa Historia ya Dhahabu Tarime na Serengeti

Historia ya dhahabu katika wilaya za Tarime na Serengeti imezoeleka kuandikwa kama historia ya umiliki: machimbo ya enzi za Wajerumani huko Kilimafedha, ambako leo ni ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kisha mgodi wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002 na kupita mikononi mwa kampuni kadhaa. Mkabala huo hauonyeshi ni nani aliyebeba gharama ya kuitenga dhahabu na mwamba.

Kwa mchimbaji mdogo, jibu limo katika zebaki. Mchanga uliosagwa kwenye karasha huchanganywa nayo. Zebaki hushikana na chembe za dhahabu na kuwa amalgamu, ambayo hukamuliwa kwa kitambaa na kuchomwa. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi. Dhahabu hubaki, mvuke huondoka. Katika viwanda vya polima, kemikali hufungiwa ndani ya vifuko vidogo mno ambavyo ganda lake huyeyuka kwa joto lililopangwa, ili mmenyuko uanze pale tu unapotakiwa. Kwenye mwalo pia joto ndilo ufunguo, ila hakuna aliyepanga mvuke uende wapi. Huingia katika mapafu ya mchomaji na ya waliomzunguka.

Retoti, chombo kilichofunikwa chenye bomba la kuupoza mvuke, huirudisha zebaki katika hali ya kimiminika ili itumike tena. Hata hivyo, chombo hicho huificha dhahabu machoni mwa watu wanaogawana mavuno. Kwa hiyo, kizuizi chake si cha kiufundi pekee. Ni cha kuaminiana pia.

Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 2020, unataka hatua za kukomesha uchomaji wa amalgamu mahali pa wazi na katika makazi, pamoja na kuchenjua kwa sayanaidi marudio yenye zebaki ambayo haijaondolewa. Katazo hili la mwisho lina uzito wa pekee hapa, kwani sayanaidi huifanya zebaki iyeyuke katika maji kwa urahisi zaidi, na Mto Mara, unaozigawa wilaya hizi mbili, humwaga maji yake Ziwa Victoria, wanakovua samaki watu ambao hawajawahi kushika dhahabu.

Kwa hiyo, historia inayohesabu leseni bila kuufuata mvuke haijakamilika.