Utunzaji wa patani za kushonea

Utunzaji wa patani za kushonea ni kazi ya kukagua, kunyoosha, kupanga na kuhifadhi vipande vya karatasi ambavyo mshonaji huvitumia kukatia kitambaa, ili vitumike tena bila kupotea wala kuharibika vipimo. Patani, ambayo pia huitwa kigezo, huweza kununuliwa dukani ikiwa ndani ya bahasha, kutolewa pamoja na jarida, kuchapishwa nyumbani kutoka kwenye faili la kompyuta, au kuchorwa na fundi mwenyewe kwa futikamba na rula juu ya karatasi ya kaki, manila au gazeti.

Patani iliyokwisha kutumika ina thamani ambayo mpya haina, kwa kuwa imeshajaribiwa mwilini. Pale ilipopunguzwa begani, ilipoongezwa kiunoni au ilipoteremshwa upindo, pamebaki kumbukumbu ya umbo la mtu fulani, na kumbukumbu hiyo haiuzwi dukani. Kwa hiyo kuitunza kuna malengo mawili: vipande vyote vibaki pamoja, na masahihisho yote yaweze kusomeka.

Historia fupi

Vitabu vyenye michoro ya kukatia nguo vilikuwepo Ulaya tangu karne ya 16. Kitabu cha Juan de Alcega, kilichochapishwa Madrid mwaka 1580, kiliwaonyesha mafundi jinsi ya kupanga vipande juu ya kitambaa ili kisipotee bure. Patani ya karatasi kwa ajili ya kushona nyumbani ilienea katika karne ya 19. Mwaka 1863, huko Sterling, Massachusetts, Marekani, fundi nguo Ebenezer Butterick na mkewe Ellen walianza kuuza patani za saizi mbalimbali. Karatasi za mwanzo zilikuwa nene. Baadaye ikatumika karatasi nyembamba, iliyokunjika kirahisi na kufaa kutumwa kwa posta. James McCall, fundi mzaliwa wa Uskoti, alianza biashara kama hiyo New York mwaka 1870. Jarida la Vogue lilianza kuuza patani mwaka 1899, na kampuni ya Simplicity ikaanzishwa mwaka 1927. Nchini Ujerumani, Aenne Burda alianzisha jarida la Burda Moden mwaka 1950 mjini Offenburg. Jarida hilo lilijulikana kwa karatasi kubwa zenye mistari ya patani nyingi iliyopishana, ambayo msomaji huinakili juu ya karatasi nyingine.

Mtunzaji anahitaji kuijua historia hii. Patani za zamani za Marekani hazikuwa na maandishi. Mistari na alama zilionyeshwa kwa vitobo na vikato, hadi McCall ilipoanza kuchapa patani zake mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kampuni nyingine ziliendelea na vitobo kwa miaka mingi baadaye. Anayerithi karatasi tupu zenye vitobo asizitupe akidhani ni za kufungia vitu. Maana ya vitobo hivyo huelezwa kwenye bahasha, na hii ni sababu moja ya kutoitenganisha bahasha na vipande vyake.

Ukaguzi kabla ya kuhifadhi

Kazi ya kwanza ni kuvitandaza vipande vyote na kuvihesabu. Patani ya dukani huwa na karatasi ya maelekezo yenye mchoro wa kila kipande na namba yake, hivyo hesabu hulinganishwa na mchoro huo. Patani ya fundi haina orodha, kwa hiyo fundi huandika juu ya kila kipande jina la nguo, jina la kipande na idadi ya jumla, kwa mfano "Gauni la kola, mkono, 4 kati ya 7". Vipande vidogo ndivyo hupotea zaidi: kola, mfuko, mkanda wa kiuno na kipande cha ndani cha kuimarishia shingo.

Kipande kinachokosekana huandikwa juu ya bahasha siku hiyohiyo. Baadhi hurudishika. Kipande cha ndani cha shingo, kwa mfano, huchorwa upya kwa kufuata ukingo wa shingo wa kipande cha mbele na cha nyuma. Mkono ni mgumu zaidi, kwa sababu mviringo wake wa juu lazima ulingane na kwapa la nguo ileile.

Kila kipande pia hukaguliwa kama kina mstari wa uelekeo wa uzi, alama za kuunganishia, mahali pa dati, na maelezo kama nafasi ya mshono imo au haimo. Jambo hili la mwisho limeharibu vitambaa vingi. Patani za kampuni kubwa za Marekani kwa kawaida huwa na nafasi ya mshono ya sentimita 1.5 ndani yake, ilhali zile za jarida la Burda kwa desturi hazina, na mshonaji huiongeza mwenyewe anapokata. Vipande vya aina mbili vikichanganyika bila maelezo, nguo hutoka ndogo.

Kunyoosha na kutengeneza

Pini huondolewa zote, kwani huacha kutu. Karatasi nyembamba hunyooshwa kwa pasi yenye moto mdogo, isiyo na maji wala mvuke, baada ya kujaribiwa kwenye pembe. Mvuke huikunja karatasi na huweza kubadili vipimo. Sehemu yenye selotepu isipigwe pasi, maana gundi huyeyuka na kusambaa. Kwa matengenezo ya kudumu, ukanda wa karatasi nyembamba uliopakwa gundi kidogo ya wanga ni bora kuliko selotepu, ambayo hugeuka njano, hukauka na kuacha doa.

Patani yenye saizi nyingi ikikatwa kwa saizi moja ndogo, saizi kubwa zimekwenda. Kwa sababu hiyo washonaji wengi huiacha karatasi ya asili nzima na kukata nakala. Nakala ndiyo huandikwa mabadiliko, jina la mwenye vipimo na tarehe, maana mwili hubadilika, hasa wa mtoto. Patani ya msingi, ambayo fundi huitumia kuchorea mitindo mingine, hufaa kunakiliwa juu ya manila ili kingo zake zisichakae.

Njia za kuhifadhi

Bahasha. Patani ya karatasi nyembamba ikishafunguliwa, ni nadra kurudi vizuri ndani ya bahasha yake ya awali. Njia rahisi ni kutumia bahasha ya kaki ya saizi ya A4 au kubwa kidogo. Vipande hukunjwa kwa ulegevu, maandishi yakiwa juu, na bahasha ya awali pamoja na maelekezo huwekwa humo bila kukatwa. Bahasha husimamishwa ndani ya boksi kama mafaili, na jina huandikwa kwenye ukingo wa juu ili lionekane bila kuitoa.

Kuning'iniza. Patani za manila hazikunjwi, kwani kila mkunjo hudhoofisha karatasi na kupotosha mstari. Kila kipande hutobolewa tundu, vipande vya nguo moja hufungwa kwa kamba, kisha hutundikwa kwenye msumari au henga. Tundu likiimarishwa kwa kipande cha kitambaa halichaniki.

Kuviringisha. Patani iliyochapishwa nyumbani kwa kuunganisha kurasa za A4 huviringishwa juu ya bomba la boksi la kitambaa. Faili lake huhifadhiwa pia. Likichapishwa upya, mraba wa majaribio hupimwa kwanza kwa rula, kwa sababu printa iliyopunguza ukubwa hata kidogo hubadili nguo nzima.

Mpangilio na daftari

Mpangilio unaofaa ni ule unaofuata swali ambalo mshonaji hujiuliza anapotafuta. Nyumbani, kwa kawaida huanza na mvaaji: watoto, wanawake, wanaume, kisha aina ya nguo. Fundi mwenye wateja hupanga zaidi kwa jina la mteja.

Namba ya saizi isitegemewe peke yake. Kampuni za Marekani zilibadili saizi zao mwishoni mwa miaka ya 1960, na namba za Ulaya ni tofauti kabisa. Kinachodumu ni kipimo cha kifua, kiuno na nyonga kilichoandikwa kwa inchi au sentimita.

Patani zikiwa nyingi, kila bahasha hupewa namba na kuandikwa katika daftari: namba, aina ya nguo, vipimo, kitambaa kinachohitajika, mabadiliko yaliyofanywa na mahali ilipo. Picha ya bahasha na maelekezo iliyopigwa kwa simu humsaidia mshonaji akiwa dukani kununua kitambaa.

Maadui wa karatasi

Karatasi za bei nafuu hutengenezwa kwa mbao zenye lignini na asidi. Mwanga na joto huzifanya ziwe za njano na kukatika. Gazeti huharibika mapema zaidi, hivyo patani iliyochorwa juu yake ihamishiwe kwenye karatasi bora mapema. Ukungu huota hewa inapokuwa na unyevu wa takriban asilimia 65 hadi 70 na kuendelea, hali ya kawaida katika miji ya pwani kama Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam. Huko boksi lisikae sakafuni wala kuegemea ukuta unaotoa maji, na mfuko wa plastiki usifungwe ukiwa na karatasi yenye unyevu. Mende, panya na mchwa huzuiwa kwa usafi, boksi lenye mfuniko na ukaguzi wa mara kwa mara. Mipira ya kufungia huoza na kunata, na klipu za chuma hushika kutu. Utepe wa pamba hauna madhara hayo.

Kurithisha

Chuo Kikuu cha Rhode Island, Marekani, kina hifadhi kubwa ya patani za biashara iliyojengwa kwa juhudi za mtafiti wa mavazi Joy Spanabel Emery, na wanahistoria huitumia kujua watu wa kawaida walivaa nini. Patani hizo ziliwahi kuwa za nyumbani, na zimefika huko kwa sababu kuna watu ambao hawakuzitupa. Anayempa mwenzake patani ampe pia bahasha, maelekezo na maandishi yote ya mabadiliko, hata yale ya penseli yaliyofifia.