Njia ya Msalaba

Njia ya Msalaba ni ibada ya Wakristo, hasa Wakatoliki, ya kufuata mateso ya Yesu kutoka hukumu ya Pilato hadi kaburini. Hufanywa zaidi siku za Ijumaa za Kwaresima, na Ijumaa Kuu. Ina vituo 14. Kila kimoja kina msalaba wake, mara nyingi na picha, ukutani mwa kanisa au nje, kandokando ya njia.

Asili yake ni mahujaji waliopita njia hiyo Yerusalemu. Wafransisko, waliokabidhiwa ulinzi wa mahali patakatifu mwaka 1342, waliieneza Ulaya kwa ajili ya wasioweza kusafiri, na mwaka 1731 Papa Klementi XII aliweka idadi ya vituo kuwa 14. Si vyote vimo katika Injili: kuanguka mara tatu na Veronika anayempangusa Yesu uso ni mapokeo. Hata hivyo, huenda ni vituo hivyo ambavyo waumini huviona karibu zaidi na maisha yao. Anayeanguka tena baada ya kuinuka anaeleweka upesi na aliyeuguza mgonjwa miezi mingi, au aliyepoteza kibarua.

Simoni wa Kirene, wa kituo cha 5, yumo katika Injili. Marko anasema alikuwa akitoka shamba aliposhurutishwa kuubeba msalaba, hakujitolea. Mahubiri mengi hulisahau hilo.

Katika parokia za Afrika Mashariki, jumuiya ndogondogo mara nyingi hupokezana kuongoza vituo, na watu hupiga magoti hata penye vumbi.