Kura ya Basel na Malisho ya Wamaasai

Kaa kijiweni Karatu na madereva wa watalii, hukosi kuisikia: Wamaasai ni kabila la Israeli lililopotea. Wairaqw nao eti wametoka Iraki, si majina yanafanana? Hiyo ya pili tuiache. Ya kwanza ina mwandishi na ina mwaka.

Mwaka 1904 Moritz Merker, kapteni wa jeshi la Kijerumani aliyekaa Moshi, alichapisha Berlin kitabu chake juu ya Wamaasai. Alidai wao na Waebrania wa kale ni wa chimbuko moja, kwani wazee walimsimulia habari za gharika zilizokaribiana mno na za kitabu cha Mwanzo. Kimaasai ni lugha ya Kiniloti, hakina undugu na Kiebrania, lakini hadithi ikishapanda gari la watalii haishuki.

Mimi nashangazwa na tarehe. Agosti 1903, mwaka mmoja tu kabla, Wayahudi wenyewe walikuwa Basel, Uswisi, wakigombania nyanda zenye jina la Wamaasai. Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alikuwa amemtajia Theodor Herzl ardhi ya Uasin Gishu, huko Eldoret ya leo. Mpango ukaitwa wa Uganda, maana hadi 1902 eneo hilo lilihesabiwa Uganda.

Herzl hakuwa amesahau Yerusalemu. Aprili ile Wayahudi walikuwa wameuawa Kishinev, akaona watu wanahitaji pa kukimbilia sasa hivi. Waliompinga vikali ni wajumbe wa Urusi, hata wa kutoka Kishinev kwenyewe! Kura 295 zilikubali tume ikaikague ardhi, 178 zikakataa. Walioshindwa wakatoka ukumbini, wengine wakilia kama wamefiwa. Desemba kijana mmoja akamfyatulia risasi Max Nordau, mtu wa karibu wa Herzl, jijini Paris, akamkosa. Herzl akafa Julai 1904, na 1905 kongamano likaukataa mpango. Mwandishi Israel Zangwill akajitoa, akaunda chama chake cha kutafuta ardhi popote itakapopatikana.

Nawaheshimu wa pande zote mbili, walibishana kwa uchungu wa kweli. Lakini waliokataa walikataa kwa ajili ya Sayuni, si kwa ajili ya wenye ng'ombe. Na mwaka uleule wa kitabu cha Merker, Waingereza waliwekeana mkataba na viongozi wa Wamaasai, wakawaondoa Bonde la Ufa kwenda Laikipia ili walowezi wapate nafasi. Upande wa Wajerumani, ndugu wawili wa ukoo wa Siedentopf walikuwa na mashamba ndani ya kreta ya Ngorongoro.

Wazee waliulizwa habari za gharika tu, bwana. Mwaka 1959 Wamaasai wakatolewa Serengeti, wakaambiwa Ngorongoro watakaa na mifugo yao. Tangu 2022 familia zinahamia Msomera, Handeni. Serikali inasema wanakwenda kwa hiari. Wapo wanaobisha, na kesi zimefika mahakamani.