Sare ya kazi: Mtihani mgumu kwa mbunifu wa mavazi

SARE ya kazi ni vazi linalofanana kwa wafanyakazi wote ili watambulike, na papo hapo huwakinga na hatari za kazi yao. Ugumu wa kuibuni ulidhihirika mwanzoni mwa 2005 katika shindano la runinga la Marekani, Project Runway, ambapo washiriki walitakiwa kubuni upya sare ya wasambazaji barua wa posta. Aliyeibuka mshindi wa zoezi hilo ni Kara Saun.

Nchini Kenya, mtihani huo uliwafika polisi. Mnamo Septemba 13, 2018, Rais Uhuru Kenyatta alizindua sare yao mpya ya samawati, iliyoshonwa na Shirika la Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, ambalo chuo chake cha mafunzo kiko Gilgil, Kaunti ya Nakuru. Wananchi wengi waliikejeli rangi hiyo.

Katika mashamba ya maua ya Naivasha, hata hivyo, rangi si hoja kuu. Mnyunyizaji dawa huhitaji ovaroli isiyopenyeza maji, glavu, gambuti na barakoa yenye kichujio. Mchumaji waridi huhitaji glavu zinazostahimili miiba. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 humtaka mwajiri kutoa mavazi ya kinga.

Hata hivyo, sare ya kipimo kimoja humbana huyu na kumpwaya yule, na glavu inayopwaya huingiza dawa. Kwa hivyo, mbunifu hana budi kumpima mvaaji akiwa ameinama kazini, si akiwa amesimama mbele ya kioo.