Siku 127 za Zanzibar ndani ya CAF

Miaka 30 imetimia tangu Zanzibar Heroes watwae Kombe la Chalenji huko Uganda, mwaka 1995. Kwenye vijiwe vya kahawa hapa Tingi, ukilitaja kombe hilo swali la pili halikawii: hiyo timu ni ya nchi gani? Ubishi huenda mpaka birika likauke.

Timu hiyo ina umri mkubwa kuliko Muungano. Zanzibar iliingia Kombe la Gossage mwaka 1949, ikapambana na Kenya, Uganda na Tanganyika. Aprili 26, 1964 nchi mbili zikawa moja, na kiti cha FIFA kikawa kimoja, kikakaliwa na Bara. Jezi yao Wazanzibari hawakuivua. Walibaki na chama chao na ligi yao, na Chalenji wakaendelea kwenda kwa jina lao.

Uliobaki umefungwa ni mlango wa CAF. Machi 16, 2017, mjini Addis Ababa, mkutano uleule uliomwangusha rais wa CAF, Issa Hayatou, baada ya miaka 29 na kumweka Ahmad Ahmad wa Madagascar, uliipokea Zanzibar kuwa mwanachama wa 55. Sasa Heroes wangewania AFCON wenyewe. Visiwani ikawa furaha tupu.

Julai 21, mjini Rabat, uanachama ukafutwa. Ahmad alieleza kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Siku 127 tu! Lakini kanuni hiyo, kama ilikuwapo Julai, Machi ilikuwa wapi? Umemkaribisha mgeni, amevua viatu, ameketi jamvini, kisha unamwambia amekosea nyumba. Mimi naiita dhuluma.

Majibu yakatoka uwanjani. Desemba ya mwaka huohuo, kwenye Chalenji ya Kenya, Heroes waliifunga Bara 2-1, wakaitoa Uganda 2-1 katika nusu fainali. Fainali ilipigwa Machakos Desemba 17. Wenyeji Kenya walitangulia mapema, na jioni ikaelekea kuwa yao, hadi Khamis Mussa, yule wanayemwita Rais, aliposawazisha dakika za lala salama. Muda wa nyongeza Kenya wakaongeza, Khamis akarudisha tena: 2-2. Mikwaju ya penalti ndiyo iliyowanyima kombe, 3-2.

Aliyewanoa vijana wale ni Hemed Suleiman 'Morocco'. Novemba 2024 Taifa Stars ilipoifunga Guinea 1-0 na kufuzu AFCON, aliyesimama mbele ya benchi ni Morocco huyohuyo. Anayedai timu ya Zanzibar inaudhoofisha Muungano aanzie hapo.

Januari 2025, uwanjani Gombani, Pemba, Heroes waliifunga Burkina Faso 2-1 na kutwaa Kombe la Mapinduzi. Burkina Faso inaruhusiwa kuwania AFCON, walioifunga hawaruhusiwi. Sisi wa Bara ndio wenye kiti FIFA na CAF. TFF isisubiri kuombwa, iwasemee.