Jicho la Rubani wa Malindi

Wako wanaosema kwamba mabaharia wa kale walivuka bahari kwa kuwa walijaliwa macho makali na kumbukumbu kubwa. Sifa hiyo ni njema, lakini inaificha elimu yao. Macho huona mengi, akili hushika machache. Na makini ndiyo inayochagua machache hayo.

Mwezi wa Aprili 1498, merikebu za Vasco da Gama zilifika Malindi baada ya kukosana na watu wa Mombasa. Mfalme wa Malindi aliwapokea vizuri Wareno hao, akawapa rubani wa kuwavusha hadi Bara Hindi. Waling'oa nanga tarehe 24 Aprili, na tarehe 20 Mei walikuwa wamefika Calicut. Vitabu vingi vilimtaja rubani huyo kuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa elimu ya bahari wa Uarabuni. Wanahistoria wengi wa leo hawakubali. Lakini awaye yote, hakubahatisha.

Tumfikirie rubani usiku, katikati ya bahari. Juu yake ziko nyota maelfu. Chini yake chombo kinayumba. Akitaka kuyashika yote kwa akili, atapotea. Kwa hiyo marubani wa Bahari ya Hindi walitumia kibao kidogo chenye uzi uliopigwa mafundo. Rubani aliuma uzi penye fundo, akakisogeza kibao mbele ya jicho mpaka uzi ukakaza. Ukingo wa chini aliulinganisha na upeo wa bahari, na ukingo wa juu na Nyota ya Kaskazini. Nyota hiyo haionekani Malindi, iliyo kusini ya ikweta. Huibuka chombo kinapokwenda kaskazini, na huzidi kuinuka. Kila fundo lilikuwa na bandari yake. Nyota ilipogusa ukingo kwa fundo la bandari aitakayo, rubani alijua kwamba amefika usawa wake, akaufuata mpaka pwani.

Wataalamu wa zama zetu wameonyesha kwa nini njia hiyo ilifaa. Mwaka 1960, George Sperling wa Marekani aliwaonyesha watu safu za herufi kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Walipoambiwa wataje zote, walitaja nne au tano tu. Lakini mlio ulipowaonyesha safu ya kutaja, mara tu baada ya herufi kutoweka, walitaja sehemu kubwa ya safu hiyo, hata ingekuwa ipi. Basi picha nzima ilikuwamo akilini kwa kitambo kidogo, kisha ikafutika. Iliyosalimika ni sehemu iliyoelekezewa makini. Mwaka 1997, Steven Luck na Edward Vogel walifanya majaribio kwa miraba ya rangi, wakaona kwamba akili hushika vitu vinne hivi kwa mara moja.

Rubani aliyaacha maelfu akashika mawili: nyota moja na upeo wa bahari. Mengine aliyakabidhi mafundo ya uzi. Akili yake ilikuwa na mpaka kama yako, msomaji, naye aliujua mpaka huo.

Nguzo ya Vasco da Gama ingali imesimama Malindi, nayo humkumbusha mpita njia yule aliyeongozwa. Aliyeongoza hana nguzo. Tutamheshimu tukijifunza kazi yake: kabla ya kutazama, kujua tunachokitafuta.