Somo la kuhitimisha shahada ya uhasibu (Mbugangari)

Somo la kuhitimisha ni kazi ya mwaka wa mwisho ambamo mwanafunzi wa uhasibu huunganisha leja, kodi, ukaguzi na sheria za biashara katika kesi moja, kisha huitetea mbele ya jopo.

Mbugangari, mtaa wa Gisenyi wilayani Rubavu, uko jirani kabisa na Goma, mji wa Kongo ng'ambo ya mpaka, na kesi hapa hazihitaji kubuniwa. Chuo Kikuu Huru cha Kigali (ULK), kilichoanzishwa mwaka 1996, kina kampasi mjini Gisenyi, hivyo mwanafunzi wake ana kesi karibu. Tuseme duka linamkopesha mteja wa Goma bidhaa za dola 1,000, dola ikiwa faranga 1,400 za Rwanda. Mwaka wa hesabu unafungwa dola ikiwa 1,430. Kwa kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 21, deni hupandishwa hadi faranga 1,430,000, na zile 30,000 huingia kwenye faida ingawa mteja hajalipa hata senti. Shehena iliyobaki ghalani, hata kama ilinunuliwa kwa dola, haiguswi. Wengi hujikwaa hapo. VAT ya Rwanda ni asilimia 18, lakini bidhaa zinazouzwa nje hutozwa sifuri, mradi hati za forodha zipo. Ng'ambo ya mpaka vitabu hufuata mfumo wa OHADA, jumuiya ya kuoanisha sheria za biashara Afrika, ambayo Kongo ilijiunga nayo mwaka 2012.

Kufaulu hakumfanyi mhitimu kuwa CPA (mhasibu aliyeidhinishwa). Bado ana mitihani ya ICPAR, taasisi ya wahasibu wa Rwanda iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2008.